Alama Tatu za Chaki

Kila asubuhi, saa kumi na mbili na robo, Mwalimu alisimama mbele ya kioo cha dirishani akiwa na fulana na povu la sabuni mashavuni, na mkewe alisimama nyuma yake akipiga pasi shati la siku hiyo. Karatasi ya noti za muziki iliegemezwa kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo. Mke aliimba mstari mmoja kwa sauti ndogo, bila maneno, kwa do na re na mi tu. Mwalimu aliurudia bila kuacha kunyoa. Mke akaimba wa pili. Mwalimu akaurudia. Shati lilipofika kwenye kiango cha nguo, somo zima lilikuwa limeshaingia kichwani, na mtu asiyejua kutofautisha noti iliyokaa juu ya mstari na ile iliyoning'inia chini yake alikuwa tayari kwenda kuwafundisha wenzake kuisoma.

Alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Chuo cha muziki kilimlipa mshahara, kilimpa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya ukumbi wa mazoezi, na wanafunzi walimpa jina la Sikio, ambalo alilipokea kama wengine wanavyopokea nishani. Kipaji chenyewe kilikuwa cha kweli. Akiusikia wimbo mara moja, haumtoki. Akisikia sauti hamsini zikiimba, atakuonyesha kwa kidole ni nani aliyeshuka kidogo. Uongo ulikuwa katika mambo mengine yote.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona majoho ya kwaya ya chuo, na chuoni walimjua kwa hilo tu. Utotoni alilelewa na bibi mmoja mpiga kinanda ambaye macho yalikuwa yamemwishia, na kazi yake kila jioni ilikuwa kumsomea yule bibi karatasi za noti kwa kuziimba, sauti ya juu kisha ya chini, hadi bibi azishike vidoleni. Akatoka kuwa macho ya mtu mmoja akaolewa kuwa macho ya mwingine. Tofauti ni kwamba yule bibi alikuwa akisema ahsante.

Jumatatu hiyo walikuwa katikati ya mstari wa tatu mlango ulipogongwa.

Alikuwa tarishi wa chuo, mzee mwenye koti linalomvaa badala ya yeye kulivaa. "Waraka wa Mkuu," alisema. "Kasema kila mwalimu apewe kabla ya kipindi cha kwanza, atie sahihi."

Mwalimu alitia sahihi kwa mkono wenye povu. Alipoufungua waraka, shavu moja lilikuwa limenyolewa na jingine bado, na lile ambalo bado ndilo lililoonekana kuelewa kwanza, maana lilianza kucheza.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza.

"Piga pasi."

Akaipiga pasi. Lakini binti yao, mwanafunzi wa mwaka wa pili pale pale chuoni, alikuwa ametoka chumbani na mswaki mdomoni, akausoma waraka juu ya bega la baba yake. Akautoa mswaki. "Mtihani," alisema taratibu. "Walimu wote wa uimbaji na wa mafunzo ya sikio. Alhamisi. Mtaimba kwa kusoma papo hapo, nyimbo za sauti mbili za zama za Baroko."

"Za nini?" aliuliza shangazi yake kutoka kwenye kochi. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mwalimu. Alikuja kukaa wiki mbili, na sasa ulikuwa mwaka wa nne.

"Za Ulaya ya zamani, shangazi. Miaka mia tatu iliyopita. Mkuu anasema hazibahatishwi. Kila sauti ina safari yake, ya chini haiifuati ya juu kama mkia. Zinaruka, zinageuka ghafla. Ukiwa husomi, unaanguka."

"Nyimbo za maiti," alisema shangazi mtu. "Mwalimu mzima apimwe kwa nyimbo za maiti."

Binti alisoma mstari wa mwisho kwa sauti ya chini zaidi. "Asiyefaulu atapangiwa kazi nyingine. Nyumba za chuo ni za wanaofundisha."

Pasi ilisimama juu ya kola. Mwalimu aligeuka na wembe mkononi. "Unaniunguzia shati," alisema.

*

Siku mbili zile Mwalimu alitafuta mlango wa kutokea kwa bidii ambayo, kama angeiweka kwenye noti, angekuwa amejifunza kusoma tangu zamani. Alikwenda kwa Mkuu na kikohozi. Mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, alimwambia akohoe leo na kesho, Alhamisi atakuwa amemaliza. Alirudi akasema miwani yake ya kusomea imevunjika. Mkuu akavua yake.

"Jaribu hii," alisema.

Mwalimu akaijaribu, akasema inampa kizunguzungu. Makarani wawili walikuwa wakisikiliza. Mmoja aliinama chini ya meza kutafuta kalamu, akaitafuta muda mrefu mno.

Nyumbani shangazi mtu alimtetea kwa njia aliyoijua, yaani kwa kumkanyaga wifi yake. "Kaka yangu ana mzigo wa dunia kichwani na wewe umekaa unakanyaga cherehani tu," alisema. "Mwanamke mwingine angekwishamfariji."

"Nimfariji kwa nini, wifi?"

"Kwa chochote. Lakini utajuaje, wewe na muziki wapi na wapi. Bahati yako kupata mume msomi."

Mke wa Mwalimu alikuwa na sindano tatu mdomoni. Alizitoa moja moja akazichomeka kwenye kitambaa. Alionekana kama mtu anayetaka kusema neno. "Basi tu," alisema, akarudi kwenye joho.

Hilo "basi tu" lilikuwa limejaa nyumba nzima. Ukimuuliza kama amechoka, basi tu. Ukimuuliza anawaza nini, basi tu. Mwalimu alipenda kuwasimulia wageni kwamba amejaliwa mke asiye na maneno, na wageni walicheka wakamtazama yule mama, naye aliwakaribisha chai.

Jumanne alasiri Mwalimu aliingia nyumbani anatembea kama aliyebeba yai. Akafunga mlango, akafunga na pazia, akatoa ndani ya koti karatasi iliyokunjwakunjwa. Ilikuwa na mchirizi mweusi wa wino upande mmoja, mchirizi wa mashine ya kunakilia inapoharibika.

"Nimeipata kwenye kapu la taka, chumba cha kunakilia," alisema. "Ndiyo yenyewe. Ina muhuri wa Alhamisi."

Binti alikuwa mezani na vitabu vyake. "Baba, hiyo ni karatasi ya mtihani."

"Ni takataka. Imetupwa. Mtu akiokota kilichotupwa ameiba?"

Binti alimtazama mama yake. Mama yake alikuwa ameshainyoosha karatasi juu ya meza ya kupigia pasi, anaipapasa mikunjo kwa kiganja, na kitu fulani usoni mwake kilikuwa kimelegea, kama mtu aliyekutana njiani na rafiki wa utotoni. Wimbo ulikuwa wa sauti mbili, wa zamani, wenye huzuni isiyo na haraka. Midomo yake ilianza kucheza bila sauti. Kisha ikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena, ikasimama pale pale.

"Mwalimu," alisema, "hapa pana…"

"Imba."

"Nitaimba. Lakini hapa kwenye…"

"Sikukuletea uihakiki. Nimekuletea uimbe sauti ya chini, mimi niishike, basi. Tuna kesho tu."

Akaimba. Aliimba kama alivyofundishwa na yule bibi: pale ambapo sauti ilikuwa ikipanda kurudi nyumbani kwake, kwenye noti wimbo unapotulia, na karatasi ilikuwa imeisahau alama ya kuipandisha, yeye aliipandisha, sikio lake lisingekubali kufanya vinginevyo. Pale ambapo noti ilikuwa imekaa mstari mmoja juu ya mahali pake na ingegombana na sauti ya juu, aliirudisha mahali pake. Na pale karibu na mwisho ambapo noti ndefu ilikuwa imekatwa ikawa fupi, aliipa urefu wake. Mwalimu alifumba macho akameza kila kitu. Alikuwa mmezaji hodari.

Jumatano asubuhi, katikati ya kunyoa, mkewe alijaribu tena. "Jinsi ilivyoandikwa hapa, Mwalimu, siyo ninavyokuimbia. Nadhani aliyenakili…"

"Nani kakuuliza ilivyoandikwa?" Alikuwa anaongea na kioo. "Mimi nataka inavyoimbwa."

Shangazi mtu alicheka kochini. "Mwambie, kaka."

Mchana wake, Mwalimu akiwa chuoni, fundi aliichukua chaki yake, ile bapa ya buluu anayowekea alama za pindo, akatia kinukta chini ya kila mahali palipokosewa. Vitatu. Alifikiri: asiponisikiliza, ataona. Alasiri Mwalimu alirudi, akaichukua karatasi, akaona, na uso wake ukajaa kinyaa.

"Tazama vidole vyako. Umenichafulia karatasi kwa michaki yako."

"Siyo uchafu, Mwalimu. Ni alama. Nilitaka…"

"Ulitaka nini?" Alikuwa anasugua kwa pindo la shati, yale mabuluu yanatawanyika badala ya kufutika. Kila kinukta kikawa wingu dogo. "Mshona majoho anifundishe mimi karatasi? Ulitaka nini? Sema basi, tukusikie."

Binti alikuwa ameinamia vitabu vyake. Shangazi mtu alikuwa ameinua uso kutoka kwenye kochi, anasubiri, maana hakuna kilichompendeza kama hiki.

Mara hiyo ya tatu mkewe alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, namna anavyotazama kitambaa ambacho tayari amejua kitachanika.

"Basi tu," alisema.

*

Mtihani ulifanyika ukumbini, saa nne asubuhi. Walimu walikaa mstari wa mbele kama watu wanaosubiri kudungwa sindano. Mkuu alikuwa mezani na wenzake wawili, wazee walioitwa kutoka chuo kingine, mmoja wao akisinzia. Kwa kila mtahiniwa palihitajika mtu wa kuimba sauti ya juu, na Mkuu alikuwa amemchagua binti wa Mwalimu kwa sababu ndiye aliyesoma vizuri kuliko wote katika mwaka wake. Binti alijaribu kukataa. "Ni baba yangu," alisema. Mkuu alisema noti hazina baba.

Walimu wanne walipita. Wa kwanza alijikwaa mara mbili akamaliza. Wa pili alianza vizuri, kisha akasimama, akasema samahani, akakaa chini analia, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Wa tatu na wa nne waliimba kama ilivyoandikwa, wakakunja nyuso sehemu fulani, na walipoulizwa swali la Mkuu mwishoni walipata mawili kati ya matatu. Waliulizwa kwa kunong'onezwa pale mezani, ili waliobaki wasisikie. Mwalimu hakujali kusikia; hata wimbo wao ulipotofautiana na aliofundishwa, alidhani ni wenzake wanaojikwaa. Alikuwa anakitazama chuma chake kidogo chenye meno mawili, kinachotoa noti moja kikigongwa, ambacho hakikumtoka mfukoni, akikipangusa kwa leso.

Alipoitwa, wa mwisho, alikigonga gotini, akakiweka sikioni, akafumba macho. Wanafunzi waliochungulia dirishani walitikisana. Sikio huyo.

"Ufumbue, Mwalimu," alisema Mkuu. "Utaimbaje kwa kusoma umefumba macho?"

Vicheko viwili vitatu. Mwalimu akafumbua, akaishika karatasi mbele yake kama sinia.

"Kama ilivyoandikwa," alisema Mkuu.

Wakaimba. Binti aliingia kwanza, sauti nyembamba inayotetemeka, na sauti ya baba yake ikaja chini yake, nene, safi, imenyooka. Mzee aliyekuwa anasinzia alifumbua jicho. Kila mahali ambapo wengine walikunja uso, Mwalimu alipita kwa ulaini, sauti ya baba na ya mtoto zikishikana bila kusuguana popote. Binti aliyesoma vizuri kuliko wote katika mwaka wake alikuwa na karatasi ya sauti zote mbili mbele yake. Alisikia mahali pa kwanza baba yake alipoiacha karatasi. Akajua. Alisikia pa pili. Angeweza kukohoa. Angeweza kukosea kwa makusudi. Aliendelea kuimba, akimsindikiza baba yake hadi mwisho, vizuri sana.

Wanafunzi dirishani walipiga makofi, wakakimbilia darasani. Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo.

Mkuu hakupiga makofi. Alikuwa ameegemea mbele. "Mwalimu, umeimba vizuri ajabu," alisema. "Sasa njoo utuonyeshe makosa."

"Nimekosea wapi, Mkuu?"

"Wewe hukukosea. Karatasi ndiyo imekosea. Niliweka makosa matatu kwa makusudi, ndiyo mafunzo ya sikio hayo: mtu aimbe kilichoandikwa, kisha aniambie sikio lake limekataa wapi. Wenzako wote wameimba makosa yangu. Wewe umeyasahihisha yote matatu, papo hapo, hata hukusita. Mimi mwenyewe nisingeweza. Weka kidole tu."

Ukumbi ulisubiri kwa heshima. Mwalimu aliitazama karatasi. Madoa meusi, vijiti, mistari mitano, mistari mitano mingine. Akatabasamu. Akaweka kidole.

"Hapo pana jina la wimbo," alisema Mkuu.

Kidole kikasogea.

"Hapo hakuna kitu. Hapo ni kimya. Sauti ya chini inapumzika hapo." Mkuu aliongea polepole, na kila neno lilipoa zaidi. "Mwalimu, nionyeshe noti ya kwanza uliyoimba. Moja tu."

Kidole kilibaki hewani. Jasho lilikuwa limemfika kwenye kola, ile kola iliyopigwa pasi ikanyooka asubuhi. Akaingiza mkono mfuko wa koti kutoa leso, na pamoja na leso ikatoka karatasi iliyokunjwa, ikaanguka miguuni kwa Mkuu. Ilikuwa na mchirizi mweusi upande mmoja.

Mkuu aliiokota. Aliikunjua juu ya meza, akavaa miwani. Aliilinganisha na yake, kisha akawaonyesha wale wazee wawili, na mmoja wao akasema "Oho" kwa sauti ya mtu aliyeona panya kwenye chumba cha wageni. Mawingu matatu ya buluu. Chini ya kosa la kwanza, chini ya la pili, chini ya la tatu.

"Ulikuwa na majibu mfukoni," alisema Mkuu. "Na hukuyajua."

Akageuka kwa binti. "Nani nyumbani kwenu anasoma?"

Binti aliangalia viatu vyake. "Sijui," alisema. Lilikuwa jibu dogo sana, na alijichukia kabla hata halijamaliza kutoka.

Mkuu alilisugua lile vumbi la buluu kwa kidole gumba, akalitazama. Kisha akalitazama joho lake mwenyewe lililotundikwa nyuma ya kiti, joho jipya, ambalo pindoni bado lilikuwa na mstari wa buluu uleule.

*

Mkuu alikuja saa tisa alasiri, kwa miguu. Shangazi mtu alimfungulia, akaacha kochi kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaanza kupangusa viti kwa kanga yake mwenyewe. Mwalimu alitoka chumbani amevaa koti. Tangu arudi alikuwa amelala chali anatazama dari, na familia ilikuwa inatembea kwa ncha za vidole kana kwamba kuna maiti.

"Karibu, Mkuu, karibu sana. Nilikuwa najiandaa kuja kukueleza. Kuna kutoelewana kidogo…"

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa fundi."

"Joho linabana?" aliuliza shangazi mtu. "Nilimwambia linabana. Hasikii huyu."

Mke wa Mwalimu alikuwa kwenye cherehani, kitambaa kimeshika nusu ya chumba. Mkuu alisogea, akaweka ile karatasi ya mchirizi juu ya kitambaa. "Mama, hizi alama ni zako?"

Mwalimu alicheka, kicheko cha mdomo tu. "Huyu? Mkuu, huyu ni kasuku. Mimi nafanya mazoezi hapa kila asubuhi, yeye anapiga pasi, anashika hivi na vile. Hajui do wala re. Alichezea chaki tu."

Mkuu alifungua mkoba, akatoa karatasi nyingine, mpya, imeandikwa kwa mkono. "Hii nimeiandika mwenyewe leo mchana. Hakuna aliyeiona. Sauti ya chini, tafadhali."

Mama alifuta vidole kwenye gauni. Aliitazama karatasi toka juu hadi chini, mara moja, kama anavyomtazama mteja kumkadiria vipimo. Kisha akaimba, amekaa vilevile, mguu mmoja bado juu ya kikanyagio. Sauti haikuwa kubwa. Ilipita kwenye miruko na migeuko kama mtu anayejua nyumba yake gizani. Shangazi mtu alikuwa ameshika kanga hewani. Karibu na mwisho sauti ilisimama.

"Hapa mmeweka kosa," alisema. Akatia kinukta cha chaki. "Na hapa." Kinukta kingine. Aliendelea mbele kidogo, akarudi. "Na hapa."

"Hapo sikuweka," alisema Mkuu.

"Basi tu. Samahani."

Mkuu alichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaimba moyoni kwa midomo. Akarudia mahali palepale mara mbili. "Ni kosa langu," alisema hatimaye. "Niliandika haraka." Akaikunja ile karatasi mara mbili, upesi, kama mtu anayeficha tundu la soksi.

Alikaa. Alivua miwani. Sasa alizungumza kwa sauti ya ofisini. "Cheti unacho, mama?"

"Sina."

"Cha aina yoyote?"

"Sina."

"Bila cheti siwezi kukuita mwalimu. Naweza kukuita msaidizi."

Na hapo Mwalimu akafufuka. Ilikuwa jambo la kutazamwa: mabega yalipanda, mkono ukaingia kwenye mfuko wa juu, ukakipapasa kile chuma chenye meno mawili. "Hilo ni wazo zuri sana, Mkuu. Msaidizi wangu. Mimi nasimama mbele, yeye anakaa pembeni na karatasi, ananipa mstari, mimi naupeleka kwa darasa. Wanafunzi wananipenda, unajua hilo. Kwani tofauti na zamani ni ipi? Tutakuwa tumeifanya rasmi tu. Nyumba tunabaki nayo. Na ya leo yanaishia humu ndani."

Mkuu alifikiri. Wanafunzi dirishani walikuwa wamepiga makofi. Ripoti kwa wakubwa ilikuwa bado haijaandikwa, na aliyemteua Mwalimu kuwa mkuu wa kitengo miezi mitatu iliyopita, mbele ya wakubwa haohao, alikuwa yeye. "Inawezekana," alisema, bila kumwangalia mtu. "Kama mwenyewe anakubali."

"Atakataaje?" alisema shangazi mtu. "Wifi, umeona bahati? Utafanya kazi na mumeo. Sema ahsante."

"Hana neno huyu," Mwalimu alisema. "Miaka kumi na tisa, hajawahi kuwa na neno. Sivyo, mama?"

Wote wakamgeukia kupokea lile "basi tu" lao. Binti alikuwa mlangoni. Alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena. "Mama," alisema, "niliulizwa leo nani anasoma nyumbani. Nikasema sijui." Machozi yakaanza. "Nilijua."

Mama yake aliinua mguu kwenye kikanyagio. Akaichomoa sindano kwenye kitambaa, akaichomeka kwenye kimto chake cha sindano, akaweka chaki juu ya cherehani, mahali pake. Mikono ilipokosa cha kufanya aliiweka mapajani.

"Neno ninalo," alisema.

Mwalimu bado alikuwa anatabasamu.

"Mara tatu nilitaka kukwambia karatasi imekosewa. Mara mbili nilitaka kukuokoa. Ile ya tatu, uliposugua chaki yangu, ningeweza kusema. Ulinipa nafasi kabisa, ukaniambia sema basi tukusikie. Nikanyamaza kwa kusudi. Nilitaka uende ukaanguke."

"Mama, punguza," alisema Mwalimu. "Kuna mgeni."

"Mgeni asikie. Watu wote hapa wanafikiri mimi ni mpole. Hata mimi nilifikiri hivyo, nikawa najisifu moyoni, angalau mimi mpole. Siyo upole." Alikuwa anaongea polepole, anatafuta kila neno kama anavyotafuta noti mahali karatasi ilipofifia, na kila akilipata analiweka bila kulipamba. Wala hakumwita Mwalimu. "Kutojua kusoma siyo aibu. Mwaka wa kwanza nilikwambia nikufundishe, ni kazi ya wiki tatu. Ukacheka. Ukasema utafundishwaje na mshona nguo. Tangu siku ile, kila asubuhi, wewe unanyoa huku nyuma yako nakupigia pasi shati, mimi nimekuwa nakudharau. Hilo ndilo nililokuwa nasema nikisema basi tu. Nakudharau. Miaka kumi na tisa. Na nimechoka, kwa sababu kumdharau mtu kila siku na kumpikia ni kazi mbili."

Shangazi mtu alikaa, lakini kochi lilikuwa mbali kuliko alivyodhani, akakalia mkono wake.

Mama akamgeukia Mkuu.

"Msaidizi wake sitakuwa. Leta ule mtihani, wote, ukumbini, mbele ya walewale. Nikishindwa tutahama nyumba, mimi mwenyewe nitafunga mizigo. Nikifaulu, cheti mtajua wenyewe mtakipata wapi." Alivuta pumzi, kama anavyovuta kabla ya mstari mrefu. "Darasa nalitaka. Nimelitaka siku zote."